Daftari la shukrani lilikomea siku ya nne: je, imani yangu imekufa?

Swali kutoka kwa msomaji wa Mbagala:

"Nina miaka 37 na watoto watatu. Biashara yangu ya mitumba ilikufa mwaka jana ikaniachia mkopo wa kausha damu ambao bado naulipa. Mume wangu anaendesha bodaboda ya mtu, hesabu ya bosi kwanza ndipo sisi tule. Mimi ni mwanakwaya na sikosi ibada, lakini huu ni mwezi wa tatu mfululizo sina moyo kabisa. Nikisali maneno hayaji. Mchungaji ametufundisha tushukuru kwa kila jambo, na mwenzangu wa kwaya akanishauri niwe na daftari la shukrani. Siku ya nne nililiacha, nikaona namdanganya Mungu. Je, imani yangu imekufa? Nifanye nini?"

Jibu:

Dada, Bwana Yesu asifiwe.

Nianze na swali lako la imani, maana naona ndilo linalokuumiza zaidi ya deni. Imani yako haijafa. Aliyekufa imani hasumbuki kwamba anamdanganya Mungu, kwa kuwa hana anayemwogopa. Wewe uliliacha daftari kwa sababu hukutaka kusema uongo mbele zake, na hiyo ni tabia ya mtu anayejua anaongea na nani. Kilichoharibika ni mpangilio. Umeanza na shukrani wakati mwili umechoka, kilio hakijatoka, na mzigo hakuna anayekusaidia kuushika. Shukrani ikiwekwa juu ya hayo yote inakuwa kama kifuniko juu ya sufuria ya uji unaochemka: inatulia kidogo, halafu inafurika jiko zima.

Hapa Dar kifuniko hicho tunacho mdomoni kila siku. Mtu anauliza "habari za siku nyingi?", unajibu "tunamshukuru Mungu", hata kama jana watoto wamelala na chai ya rangi. Neno ni zuri, tumelirithi kwa wazazi wetu, na sisemi tuliache. Ila tumelitumia mno kufungia mazungumzo, mpaka mtu akiambiwa "shukuru" anasikia "nyamaza". Biblia haijui shukrani ya namna hiyo.

Kabla ya mengine yote, jipime. Kuvunjika moyo na ugonjwa wa sonona vinafanana usoni, lakini ni vitu viwili. Aliyevunjika moyo akipata habari njema, au mtoto akimchekesha, moyo hufunguka hata kwa saa moja. Mwenye sonona hukaliwa na huzuni, au hali ya kutoonja utamu wa kitu chochote, karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi. Pamoja na hiyo huja nyingine: usingizi kukatika alfajiri au kulala kupita kiasi, hamu ya kula kupotea au kuzidi, uchovu usioisha, akili kutotulia kwenye jambo moja, mwendo na maneno kuwa mazito, kujiona huna thamani, kufikiria kifo. Dalili zikifika tano, moja ikiwa huzuni ile au kukosa raha, na zikakushinda kufanya shughuli zako, hilo ni jambo la hospitali. Wewe umeandika mwezi wa tatu, kwa hiyo kipimo hiki ni cha wiki hii, usikisogeze mbele.

Anzia kituo cha afya cha karibu, au nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke. Wanaohitaji huduma zaidi hupelekwa Muhimbili, ambako kuna idara ya magonjwa ya akili. Ukifika mbele ya daktari usiseme "kichwa kinaniuma" tu, maana utapewa dawa ya kichwa na kurudi nyumbani. Sema: "Daktari, nina huzuni ya miezi mitatu, silali vizuri, na kazi zinanishinda." Omba pia upimwe wingi wa damu. Upungufu wa damu, tezi ya shingo inayofanya kazi chini ya kiwango na kisukari kisichotibiwa vyote huleta uchovu na uzito wa moyo, na hapo unaweza kujaza madaftari kumi bila kuona nafuu. Ikionekana ni sonona, tiba ni mazungumzo na mshauri, au dawa, au vyote viwili. Dawa zake huchukua wiki kadhaa kabla hujaona tofauti, kwa hiyo usiziache siku ya tano kwa kudhani hazifanyi kazi, wala usizikatishe ghafla ukishapata nafuu bila kumwuliza daktari.

Akitokea mtu wa kukuambia kwenda hospitali ni kukosa imani, mfungulie Isaya 38. Mfalme Hezekia aliomba kwa machozi, Mungu akamwahidi miaka 15 zaidi, na bado nabii aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Maombi na dawa vilikaa katika sura moja bila kugombana.

Na kama mawazo ya kifo yanakujia, hata kwa kusema tu "bora nisingeamka", mwambie mtu mmoja leo hii, kabla ya kulala. Yakiwa yamefika hatua ya kupanga namna, usibaki peke yako hata saa moja. Dawa nyingi na sumu ya panya zitolewe ndani, na upelekwe hospitali usiku huohuo. Kusema hivyo si aibu ya Mkristo. Eliya aliomba afe. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kule Asia walilemewa hata wakakata tamaa ya kuishi. Wahenga nao walishasema mficha maradhi kifo humuumbua.

Tubaki na Eliya, kwa sababu sura yake, 1 Wafalme 19, ndiyo sura bora ninayoijua kwa mtu aliyeishiwa. Soma taratibu uone utaratibu Mungu aliotumia. Eliya ametoka kwenye ushindi mkubwa wa Karmeli. Yezebeli anatuma mjumbe kumtishia, naye anakimbia. Beer-sheba anamwacha mtumishi wake na kuingia jangwani mwendo wa siku moja peke yake, na hilo ni kosa la kwanza la kila aliyekata tamaa: kumwacha hata yule mmoja aliyekuwa naye. Anaketi chini ya mretemu, anasema yatosha, analala. Malaika anakuja. Hahubiri. Hamwambii "hesabu baraka zako". Anamgusa na kusema, "Inuka, ule." Kichwani pake kuna mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya anakula, anakunywa, analala tena, na hakemewi kwa kulala. Malaika anarudi mara ya pili na neno lilelile, na sasa anaongeza sababu: safari ni kubwa mno kwako. Baada ya hapo tu ndipo zinakuja siku 40 za mwendo, mlima Horebu, sauti ndogo ya utulivu, na swali "Unafanya nini hapa, Eliya?"

Kwa hiyo wiki yako ya kwanza na ya pili ni za mkate na gudulia. Akina mama wengi hapa mjini hula mwisho, wamesimama, kwenye sufuria yenyewe. Kwa wiki mbili hizi pakua sahani yako pamoja na za wengine, ukae ule. Asubuhi kabla ya saa tatu tumbo liwe na kitu kizito kuliko chai: uji wa ulezi, viazi, maharage yaliyobaki. Maji kunywa mpaka mkojo uwe wa manjano hafifu, hasa miezi ya joto, maana kiu ya Dar humfanya mtu awe mzito wa kichwa bila kujua chanzo. Usingizi uwe na saa yake: simu izimwe au ikae chumba kingine saa tatu na nusu usiku, na asubuhi uamke saa ileile hata kama usiku ulikuwa mbaya. Kulala mchana kusizidi nusu saa. Kila siku tembea dakika 20 mpaka 30 asubuhi au jioni jua likipoa.

Na hapa nitasema jambo ambalo baadhi ya watumishi hawatalipenda: mwezi huu pumzika kesha na pumzika mfungo. Kukesha usiku kucha Ijumaa kunaharibu usingizi wa siku zinazofuata, na mtu aliyevunjika moyo hana akiba ya kulipia hasara hiyo. Mungu aliyemlisha Eliya mara mbili kabla ya kumsemesha hatakuhesabia.

Sasa kilio. Umesema ukisali maneno hayaji. Nadhani maneno yapo, ila yale yanayotaka kutoka unayaona hayafai kusemwa kanisani. Yafaa. Sehemu kubwa ya Zaburi ni za maombolezo, na waliozipanga waliziweka kwenye kitabu cha nyimbo za hekalu, ziimbwe na watu wote. Chukua Zaburi ya 13, ina aya sita tu. Inaanza, "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Neno "hata lini" linarudi mara nne katika aya mbili. Aya ya tatu na ya nne ni ombi: uangalie, uniitikie, uyatie nuru macho yangu. Aya ya tano na ya sita ndipo anasema ametumainia fadhili za Mungu na atamwimbia. Angalia uwiano: mashtaka, ombi, kisha tumaini. Sisi tumezoea kurukia aya ya sita.

Ifanye hivi. Mara tatu kwa wiki tafuta dakika 15 ukiwa peke yako, kibarazani kabla watoto hawajaamka, au kanisani siku ya kazi pakiwa wazi. Isiwe muda wa kulala. Chukua karatasi, uandike mistari minne, kila mmoja uanze na "Hata lini". Iwe ya maisha yako mwenyewe: "Hata lini, Bwana, nitakuwa naruka kila simu inapolia? Hata lini nitamwambia mwanangu ada kesho?" Kisha ombi moja tu, na liwe la leo. Ombi la maisha yote litakuzidi nguvu. Kisha, kama lipo, sentensi moja inayoanza na "Nami". Kama siku hiyo halipo, acha pengo. Zaburi ya 88 huishia gizani, haina aya ya sifa mwishoni, na bado ipo ndani ya Biblia, mtu kaisali hivyo hivyo. Dakika 15 zikiisha, nawa uso, uendelee na kazi. Bila kikomo hicho kilio hugeuka kuwa kujizungusha palepale kutwa, na hilo linachosha zaidi ya lilivyosaidia.

Utauliza: hii si manung'uniko? Tofauti ni unamwambia nani. Zaburi ya 106 inasema Israeli walinung'unika hemani mwao. Walimsema Mungu wakiwa wamempa mgongo. Mwenye Zaburi ya 13 anamlalamikia Mungu usoni. Maneno yanaweza kuwa yaleyale kabisa.

Wiki ya tatu ndipo lirudi daftari. Kwanza tulinyoshe lile andiko, kwa sababu naona ndilo lililokufunga. 1 Wathesalonike 5:18 katika Biblia yetu inasema "shukuruni kwa kila jambo", na kwa Kiswahili "kwa" inaweza kumaanisha "kwa ajili ya". Msikiaji anaelewa anatakiwa kumshukuru Mungu kwa ajili ya kausha damu. Lakini Kigiriki cha Paulo kinatumia "en", yaani "katika". Katika kila jambo, mkiwa ndani yake, shukuruni. Najua yupo atakayekuletea Waefeso 5:20, "kwa mambo yote", na kule neno la Kigiriki kweli ni "kwa ajili ya". Ila Paulo pale anazungumzia kusanyiko linaloimba zaburi na tenzi, katika barua iliyoanza kwa kuorodhesha baraka tulizopewa katika Kristo. Na ni Paulo huyohuyo anayewaambia Warumi wachukie lililo ovu. Hakuagizi umshukuru Mungu kwa uovu uliotendewa. Wafilipi 4:6, aliyoiandika akiwa kifungoni, inaweka sawa zaidi: haja zijulikane kwa Mungu kwa kusali na kuomba, "pamoja na kushukuru". Pamoja. Ombi halijafutwa.

Sasa kwa nini daftari lilikufa siku ya nne? Hukuniambia uliandika nini, lakini yale yanayokomea siku ya tatu au ya nne karibu yote yana ugonjwa mmoja. Siku ya kwanza: uhai, afya, familia. Siku ya pili: uhai, afya, watoto. Siku ya tatu mtu anaona anaandika sala ya kukariri. Maneno mapana hayagusi moyo kwa sababu hayana picha. Fungua Zaburi ya 136 uone jinsi Israeli walivyoshukuru. Ina aya 26, kila moja inaishia na fadhili zake ni za milele, na kabla ya kiitikio hicho kuna vitu vyenye majina: jua litawale mchana, Bahari ya Shamu, Sihoni mfalme wa Waamori, Ogu mfalme wa Bashani. Wamewataja mpaka wafalme waliowakwaza. Daftari lako nalo litaje nani, nini, saa ngapi, wapi.

Kosa la pili ni kulazimisha ubaya wa siku usionekane. Habakuki hakufanya hivyo. Katika sura ya 3 anaorodhesha hasara sita, moja baada ya nyingine: mtini, mzabibu, mzeituni, mashamba, kundi la zizini, ng'ombe. Amezihesabu kama mfanyabiashara anayefunga hesabu za duka. Baada ya hizo ndipo linakuja neno ninalotaka ulikope: "Walakini". Ukurasa wako utafanana na huu:

Jumanne. Mwenye deni amepiga mara tatu, sikupokea, mikono ilitetemeka. Walakini:
Saa moja asubuhi jirani wa chumba cha pili kaleta bakuli la uji, hakuuliza kitu.
Kondakta wa gari la Kariakoo kaniita nikiwa nimeshashuka, kanipa chenji yangu.
Mtoto wa pili kasoma "ndizi" kwenye kibao cha genge, mwenyewe, bila kusaidiwa.

Mistari mitatu, basi. Usiandike kumi, kwa sababu ukikosa ya kumi utajiona umeshindwa hata kushukuru. Wala usiandike kila siku. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi zinatosha, mchana au jioni mapema, macho yakiwa bado yamefunguka. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha mwaka 2003 utafiti ambamo kundi moja la wanafunzi liliandika mara moja tu kwa wiki, kwa wiki 10, mambo hadi matano ya kushukuru. Waliridhika zaidi na maisha yao na waliitazama wiki inayokuja kwa matumaini zaidi kuliko walioandika kero. Hao walikuwa wanafunzi wa chuo, hawakuwa wagonjwa, kwa hiyo usilifanye daftari kuwa badala ya daktari. Ila inaonyesha kwamba kidogo kinatosha.

Jumamosi fanya jambo la pili: chagua mstari mmoja wenye mtu ndani yake, umrudie mtu huyo. Wale wenye ukoma kumi wa Luka 17 wote walitakaswa, lakini mmoja tu aligeuka na kurudi kwa miguu yake mpaka kwa Yesu, naye alikuwa Msamaria. Shukrani ina mwendo. Ukikutana na jirani yako mwambie: "Mama, ule uji wa Jumanne ulinikuta sina kitu. Asante, Mungu akubariki." Kama ni Mwislamu, sema vilevile, Mungu alimtumia yeye siku ile. Hapo shukrani inakufanyia kazi ambayo daftari haliwezi, inakutoa jangwani ulikoingia peke yako kama Eliya.

Epuka shukrani za aina mbili. Ya kwanza ni ya kujilinganisha: "namshukuru Mungu, mimi angalau si kama yule aliyelazwa Muhimbili." Inatuliza kwa dakika mbili, lakini rudi Luka 18 uone nani alianza sala yake kwa kushukuru kwamba yeye si kama watu wengine. Ya pili ni ya kununua, ile ya kumshukuru Mungu kwa gari ambalo hujalipata ili alazimike kulileta. Ikichelewa unavunjika moyo mara mbili, kwa kukosa gari na kwa kuona ulishukuru vibaya.

Tuje kwenye watu. Eliya alisema mara mbili amebaki peke yake. Mungu hakubishana naye kwa maneno mengi. Alimpa kazi, akamtajia Elisha kwa jina na kijiji cha baba yake, akamwambia kuna 7,000 ambao hawajampigia Baali goti. Katika jumuiya yako, au kwenye kwaya, chagua mtu mmoja asiyetoa siri nje na asiyekimbilia kushauri. Mwanamke mwenzako aliyekuzidi umri mara nyingi hufaa. Mwambie kwa maneno haya: "Naomba dakika 20 zako. Nataka kusema tu, leo sihitaji ushauri. Ukimaliza kunisikiliza uniombee kwa kifupi." Watu wengi hukosea kusaidia kwa sababu hawajaambiwa wanachotakiwa kufanya. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba usiku na mchana bila neno, na hicho ndicho kipindi pekee walichomfaa. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu.

Ukiombwa kutoa ushuhuda Jumapili, una haki ya kusema "bado". Kwetu ushuhuda umekuwa wa waliokwisha kushinda tu, na aliye katikati ya vita anakaa nyuma akijiona ana kasoro. Kwaya usiiache. Siku ambazo wimbo haupandi, simama na wenzako, ufungue mdomo, waache wao wabebe sauti. Mazoezi yakiwa mara nne kwa wiki, mwombe mwalimu wa kwaya akuruhusu mawili kwa sasa.

Kuhusu deni nitasema machache, kwa kuwa si swali lako, ingawa ndilo mwiba wenyewe. Andika kwenye karatasi moja kila unayedaiwa: nani, kiasi cha mwanzo, ulicholipa, kilichobaki, tarehe. Mwonyeshe mume wako. Mpigie mdai wewe kabla hajakupigia, umtajie kiasi kidogo unachoweza kweli kila wiki. Usikope kausha damu ya pili kulipa ya kwanza. Na usikope kwa ajili ya sadaka ya shukrani wala "mbegu", yeyote atakayekuhimiza; 2 Wakorintho 8:12 inasema mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Mtaji ukiwazia tena, nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako uulize mikopo inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Haina riba, hutolewa kwa vikundi, na asilimia 4 kati ya hizo ni fungu la wanawake.

Tarajia nini? Wiki mbili za mwanzo huenda usisikie lolote rohoni ila usingizi kutengemaa kidogo, na hilo ni zuri. Wiki ya tatu na ya nne utaanza kuviona vitu vya kuandika kabla hujakaa na kalamu, labda ukiwa kwenye foleni ya maji au ndani ya daladala. Siku mbaya zitarudi, hasa simu ya deni ikilia au mwezi ukiisha. Siku hiyo usilazimishe daftari. Rudi Zaburi ya 13, ule, ulale, kesho uendelee ulipoishia. Ukifika wiki ya nne na uzito uko vilevile au umeongezeka, na ulikuwa hujaenda kwa daktari, usisubiri Jumapili; nenda Jumatatu asubuhi, na uende na yule mtu wa dakika 20.

Daftari la mwanzo usilitupe wala usichane kurasa. Zile siku nne ziache humo zilivyo. Geuza ukurasa, andika tarehe, na mstari wa kwanza uandike kile kinachouma.